Mkia wa florini, maji au resini: njia ipi ya kutenganisha ikufae?

Fungua karibu ripoti yoyote ya usanisi wa oganiki. Mmenyuko wenyewe umeelezwa kwa sentensi mbili, kisha usafishaji unakula aya nzima. Rodiamu imebaki ndani ya zao, oksidi ya fosfini inashuka kwenye safu ya silika bega kwa bega na kile unachokitafuta, bati halitaki kutoka. Kemia ya florasi, yaani kubandika mikia yenye florini nyingi kwenye molekuli ili iwe rahisi kuzitenganisha, ilizaliwa kutokana na shida hiyo. Hailengi kukuletea mmenyuko mpya. Inabadilisha namna vitu vinavyoachana baada ya mmenyuko kwisha. Kwa hiyo ukitaka kuamua kama inakufaa, ilinganishe na njia nyingine za kutenganisha, si na vichocheo vingine.

Hapa naweka njia nne mezani: florasi nzito, yaani matabaka mawili ya kimiminika ambapo moja ni la florini, florasi nyepesi, inayotumia silika yenye florini, matabaka ya maji na oganiki, na usanisi juu ya resini, ambapo molekuli inajengwa ikiwa imefungwa kwenye chembe ngumu za plastiki. Nyuma yake yupo mshindani wa tano ambaye wengi humsahau: safu ya kawaida ya silika, fuwele na kukeneka. Huyo hushinda mara nyingi kuliko makala za kitaalamu zinavyokiri.

Mkia unafanya nini

Mnyororo wa kaboni ambao hidrojeni zake zote zimebadilishwa kwa florini hauelewani na maji, na wala hauelewani na mafuta. Mwaga perfluoroheksani kwenye chupa yenye tolueni na maji, tikisa, kisha acha itulie. Utaona matabaka matatu: tolueni juu, maji katikati, na chini kabisa kimiminika cha florini, ambacho mililita yake moja ina takriban gramu 1.7. Ukiiunganisha molekuli yako na mkia wa aina hiyo, kwa kawaida C6F13 au C8F17, nayo inaanza kufuata tabia ya mkia.

Kati ya mkia na sehemu inayofanya kazi huwekwa daraja dogo, mara nyingi CH2CH2. Florini inavuta elektroni kwa nguvu, na fosfini (molekuli ya fosforasi inayoishika metali ya kichocheo) iliyofungwa moja kwa moja kwenye mnyororo wa florini inakuwa hafifu kiasi cha kutofaa kushika metali nyingi. Daraja hilo linapunguza mvuto. Haliuondoi wote, na ndiyo maana kichocheo chenye mikia huenda kisifanane kabisa kasi na kile kisicho na mikia. Anayekuahidi kwamba mkia hauna athari yoyote kwa kemia yako anauza kitu.

Tofauti ya nzito na nyepesi iko kwenye kiasi cha florini. Chukua fosfini yenye mikia mitatu, P(CH2CH2C6F13)3. Uzito wake wa molekuli ni 1072, na asilimia 69 ya uzito huo ni florini. Hii ni nzito: ukiipa nafasi ya kuchagua, inakimbilia tabaka la chini. Sasa chukua trifenilifosfini yenye mkia mmoja tu wa CH2CH2C8F17 kwenye pete moja. Uzito wake ni 708, na florini ni asilimia 46. Hii inayeyuka kwenye viyeyushi vya kawaida kama molekuli nyingine yoyote, na kuitoa humo kwa kutikisa na kiyeyushi cha florini ni kazi bure. Lakini ikipita juu ya silika iliyopakwa minyororo ya florini, inanaswa. Karibu kila uamuzi unaofuata unatokana na tofauti hiyo.

Florasi nzito dhidi ya maji: kichocheo kinachorudi kazini

Mwaka 1994 István Horváth na József Rábai, wakiwa Exxon, walichapisha katika jarida la Science njia ya kugeuza alkeni ndefu kuwa aldehaidi kwa rodiamu na ile fosfini ya mikia mitatu. Alkeni yao, deseni yenye kaboni kumi, ilikuwa kwenye tolueni, kichocheo kwenye perfluoromethilisaikloheksani. Kwa joto la chumba vimiminika hivyo viwili havichanganyiki. Vikipata joto la karibu nyuzi 89 vinakuwa kimoja, kwa hiyo kwa nyuzi 100 mmenyuko unaendelea kana kwamba kila kitu kiko kwenye kiyeyushi kimoja. Poza, na matabaka yanarudi: aldehaidi juu, rodiamu chini. Unachota tabaka la juu, unaongeza deseni mpya, unaanza tena. Katika kazi yao ya baadaye walifanya mizunguko tisa mfululizo, na kila atomu ya rodiamu ikawa imegeuza molekuli zaidi ya 35,000 kwa jumla.

Mbona basi viwanda havikuhamia huko? Kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwanza. Huko Oberhausen, Ujerumani, kiwanda cha Ruhrchemie kilianza mwaka 1984 kutengeneza butanali kutoka kwa propeni kwa kutumia rodiamu iliyoshikwa na fosfini yenye vikundi vitatu vya salfoneti. Fosfini hiyo inapenda maji mno. Lita moja ya maji hubeba zaidi ya kilo moja yake. Butanali hujitenga yenyewe juu, maji na rodiamu hurudi kwenye tangi. Maji hayana gharama ya kutaja, hayaungui, na hayamtishi mkaguzi wa mazingira.

Udhaifu wa maji ni urefu wa mnyororo. Propeni na buteni huingia majini kiasi cha kutosha ili mmenyuko uende. Okteni huingia kidogo, deseni karibu hakuna, na kasi inaanguka. Hapo ndipo florasi nzito ilipolenga, na kwa kipimo hicho peke yake inashinda wazi: alkeni ndefu, kichocheo cha metali ghali, zao lisilopenda florini. Kitu kingine kinachoipa nafasi ni maji yenyewe kuwa sumu kwa mmenyuko. Ikiwa kitendanishi chako kinaoza kikiguswa na unyevu, tabaka la maji halipo kwenye orodha yako hata kidogo, wakati kiyeyushi cha florini hakimgusi mtu.

Kabla hujashawishika, piga hesabu ya uvujaji. Hakuna mgawanyo ulio kamili. Fosfini ya mikia ya C6F13, kati ya perfluoromethilisaikloheksani na tolueni kwa joto la chumba, inaacha takriban asilimia 1.2 kwenye tolueni. Ile ya C8F17 inaacha chini ya asilimia 0.3. Ukichukulia kwamba kichocheo kizima kinapotea kwa asilimia 1 kila mzunguko, baada ya mizunguko 20 umebaki na asilimia 82 tu. Ikipotea asilimia 0.3, umebaki na asilimia 94. Hiyo ni sababu nzuri ya kutaka mkia mrefu, na hapo hapo ni mtego, kwa sababu mkia mrefu ndio wenye matatizo ya kisheria nitakayoyafikia. Tena kiyeyushi chenyewe huvuja. Viyeyushi vya florini huyeyuka kidogo kwenye tolueni, na kila unapochota tabaka la juu unaondoka na sehemu ya kimiminika ghali kuliko vyote maabarani.

Uvujaji huo wa kiyeyushi ndio uliomfanya mkemia John Gladysz na wenzake waulize swali rahisi: je, tunakihitaji kweli? Mwaka 2001 walionyesha kwamba fosfini yenye mikia ya C8F17 karibu haiyeyuki kwenye oktani baridi, lakini huyeyuka vizuri oktani ikipashwa joto. Waliongeza alkoholi kwenye methili propiolati ndani ya oktani kwa nyuzi 65, wakapoza hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, fosfini ikaganda, nao wakamimina kimiminika chenye zao. Hakuna tabaka la pili, hakuna perfluoroheksani. Baadaye, mwaka 2005, walitumia utepe wa Teflon: kichocheo cha rodiamu kikipoa kinajipaka kwenye utepe, unautoa kwa koleo, unauweka kwenye mmenyuko unaofuata. Kwangu mimi hii ndiyo sura ya florasi nzito inayostahili kujaribiwa leo. Ile ya matabaka mawili ina uzuri wa maonyesho, lakini ukiondoa kiyeyushi umeondoa gharama kubwa na lawama kubwa kwa mkupuo mmoja.

Kichocheo kinachoganda si bila masharti. Zao lako lisigande kwenye baridi hiyo hiyo, mmenyuko uvumilie joto linalohitajika kuyeyusha kichocheo, na malighafi zisikishike kichocheo na kukibakiza kwenye kimiminika. Moja ya hayo likishindikana, rudi kwenye matabaka au badili njia.

Florasi nyepesi dhidi ya resini na dhidi ya safu ya kawaida

Hapa swali ni tofauti. Hurudishi kichocheo, unataka kuondoa kitendanishi kilichotumika au kuokoa molekuli yako katikati ya hatua nyingi za usanisi. Dennis Curran na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh ndio walioipa njia hii umbo lake, kuanzia kwenye hidridi ya bati yenye mikia mitatu mwaka 1996 hadi uchujaji kwenye silika ya florini mwaka 1997.

Mfano unaoonyesha faida na gharama kwa pamoja ni mmenyuko wa Mitsunobu, unaounganisha alkoholi na asidi kwa msaada wa fosfini na azodikaboksileti. Unajua mwisho wake: chupa imejaa oksidi ya trifenilifosfini na hidrazini iliyochoka, na zao lako limejificha katikati. Katika toleo jepesi unatumia fosfini yenye mkia na dietili azodikaboksileti yenye mkia. Mmenyuko unaendeshwa kwenye tetrahidrofurani kama kawaida, unaufuatilia kwa kromatografia ya sahani kama kawaida, kwa kuwa mkia mmoja hausogezi sana doa kwenye silika ya kawaida. Ukiisha, vukiza kiyeyushi, yeyusha mabaki kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, weka juu ya silika ya florini. Osha kwanza kwa methanoli na maji, asilimia 80 kwa 20. Zao lisilo na mkia linapita. Badilisha kwa methanoli tupu au tetrahidrofurani, na kila chenye mkia kinashuka. Si kromatografia ya kukaa ukihesabu mirija. Ni sehemu mbili, yenye mkia na isiyo nao. Silika hiyo ukiiosha vizuri unaitumia tena.

Gharama? Kwa milimoli 10 za mmenyuko, trifenilifosfini ya kawaida ni gramu 2.6. Yenye mkia ni gramu 7.1. Hidridi ya bati ya kawaida yenye butili tatu ina uzito wa 291, ya mikia mitatu 1161, mara nne. Na silika ya florini hubeba mzigo mdogo: kwa kawaida gramu 2 zake zinatosha miligramu 100 hadi 200 za mchanganyiko. Kwa kiwango cha maabara ya utafiti hilo si tatizo. Kwa kilo, ni tatizo kubwa.

Na hapa yule mshindani wa tano anaingia. Oksidi ya trifenilifosfini inaweza kushushwa kwa kloridi ya zinki kwenye ethanoli. Inafunga na zinki, inaganda, unachuja. Kama zao lako halishiki zinki na linayeyuka kwenye ethanoli, umemaliza kwa chumvi ya kawaida ya rafuni. Kabla ya kuagiza chochote chenye mkia, jaribu hilo. Vivyo hivyo kama zao lako linakaa mbali na uchafu kwenye sahani ya kromatografia, safu ya kawaida inatosha, na mkia utakuwa mapambo.

Resini ni mshindani mwenye umri mkubwa zaidi. Robert Merrifield alionyesha mwaka 1963 kwamba peptidi inaweza kujengwa ikiwa imefungwa kwenye chembe za polistaireni, na kila kisichofungwa kikaoshwa kwa kuchuja. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kwa peptidi sioni sababu ya mtu kuacha resini. Mimenyuko yake imeboreshwa kwa miongo, mashine zipo, na vitendanishi ni vya kawaida kiasi kwamba kutumia ziada kubwa ili kila hatua ikamilike hakuumizi.

Lakini hiyo ziada ndiyo bei ya resini. Molekuli imekaa ndani ya chembe, vitendanishi vinaingia taratibu, na ili ufike mwisho unaongeza vingi. Hujui kinachoendelea mpaka ukate kipande na kukipima. NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli) ya kitu kilichofungwa kwenye polistaireni ni mistari mipana isiyosomeka vizuri. Kiyeyushi lazima kiivimbishe resini, kwa hiyo maji na methanoli vinakataliwa na polistaireni ya kawaida. Mkia mwepesi hauna hata moja ya hizo: uko kwenye mmumunyo, kasi ni ya kawaida, unaweza kupima NMR bila kukata chochote, na ukihitaji fuwele au safu ya kawaida katikati bado unaweza.

Ndiyo maana florasi nyepesi imepata makazi kwenye sukari. Kujenga oligosakaraidi, yaani minyororo mifupi ya sukari, kunahitaji sukari zilizolindwa kwa hatua nyingi, na kila gramu ya sukari hiyo imegharimu wiki za kazi. Kutupa ziada ya mara tano au kumi kwenye resini kunauma. Nicola Pohl na kundi lake waliweka mkia kwenye sukari ya kwanza, wakajenga mnyororo kwenye mmumunyo, wakaosha kwa silika ya florini baada ya kila hatua, hata kwa mashine. Tena mkia huohuo uliwawezesha kubandika sukari kwenye kioo chenye florini, na kupima ni protini gani inazishika, bila kuongeza hatua nyingine ya kemia. Hilo la mwisho resini haiwezi.

Upo pia muungano wa hizo mbili: DNA inajengwa juu ya kitegemeo kigumu kama kawaida, lakini nukleotidi ya mwisho inabeba kikundi cha kinga chenye mkia. Minyororo iliyokatika njiani haina mkia, inaoshwa. Iliyofika mwisho inanaswa.

Kwa kutupia jicho

| | Florasi nzito | Florasi nyepesi | Maji na oganiki | Resini |
|---|---|---|---|---|
| Kazi inayoifaa | kurudisha kichocheo, malighafi zisizopenda maji | usanisi wa hatua nyingi, kuondoa vitendanishi | kurudisha kichocheo, malighafi ndogo | peptidi, maktaba za kampaundi |
| Kiyeyushi maalumu | ndiyo, isipokuwa kichocheo kinachoganda | hapana | maji tu | chenye kuvimbisha resini |
| Kufuatilia mmenyuko | kawaida | rahisi kabisa | kawaida | vigumu |
| Kupanda hadi viwandani | kumejaribiwa, hakukuenea | vigumu | kumethibitishwa | kwa peptidi, ndiyo |
| Mzigo wa mazingira | mkubwa | wa kati | mdogo | viyeyushi vingi vya kuoshea |

Mstari wa "mzigo wa mazingira" ndio ningeusoma kwanza siku hizi.

Kazi mbili zisizo na mshindani

Kuna mahali ambapo kulinganisha hakuna maana kwa sababu hakuna wa kulinganisha naye. La kwanza ni usanisi wa mchanganyiko. Unachukua isoma kadhaa za malighafi (molekuli zenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti), kila moja unaipa mkia wa urefu tofauti, unazichanganya zote chupa moja na kuzipitisha hatua zote pamoja. Mwishoni kromatografia ya silika ya florini inazipanga kwa kiasi cha florini: mkia mfupi unatoka kwanza, mrefu mwisho. Unavua mikia, na kila isoma imerudi yenyewe. Kundi la Curran lilitengeneza kwa njia hii isoma 16 za murisolini, kampaundi ya asili ya mimea. Fikiria kuzitengeneza moja moja.

La pili ni tabaka la florini kama kizuizi. Weka bromini chini ya mrija, perfluoroheksani juu yake, kisha alkeni kwenye heksani juu kabisa. Bromini, nzito kuliko zote, inapenya polepole kwenda juu na kukutana na alkeni kidogo kidogo. Hakuna mtu anayedondosha bromini kwa uangalifu. Tabaka la rangi nyekundu linapungua lenyewe hadi litoweke. Ni ujanja mdogo, lakini nikiwa na mmenyuko wa bromini unaochemka kwa hasira ningeukumbuka.

Sheria na sumu zinaamua zaidi kuliko kemia

Uimara uleule wa mnyororo wa florini unaoufanya usishirikiane na mmenyuko ndio unaoufanya usioze mazingira yakiupokea. Mvuke wa perfluoroheksani hukaa angani kwa takriban miaka 3,000, na kwa kipindi cha miaka 100 kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 7,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Kinachemka kwa nyuzi 56 tu. Chupa iliyoachwa wazi kwenye chemba ya hewa ni uchafuzi, hata kama hakuna harufu.

Mikia ya C8F17 ina tatizo lake. Mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali zisizooza, uliiweka asidi ya perfluorooktanoiki kwenye orodha ya kuondolewa, pamoja na kampaundi zinazohusiana nayo, na kampaundi yenye C8F17 iliyofungwa kwenye CH2CH2 inaangukia humo kwa muundo wake. Mkataba unaruhusu kiasi cha utafiti wa maabara, kwa hiyo mwanafunzi mwenye gramu chache hana kesi. Lakini anayepanga mchakato utakaokua asianze na C8F17. C6F13 ina nafasi kubwa kidogo, ingawa Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2024 vizuizi kwenye baadhi ya matumizi ya asidi ya perfluoroheksanoiki, na tangu Januari 2023 kuna pendekezo la nchi tano za Ulaya kuzuia kundi zima la kemikali hizi, PFAS. Kwa fasili ya mwaka 2021 ya OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kampaundi yenye kikundi kimoja tu cha CF3 inahesabika humo. Benzotrifluoridi, kiyeyushi kinachopendwa katika kemia hii kwa kuwa kinachanganya pande zote mbili, nayo imo.

Ugavi umebadilika pia. 3M, watengenezaji wa viyeyushi vya Fluorinert ambavyo vilitumika katika makala nyingi za fani hii, walitangaza Desemba 2022 kwamba wataacha kutengeneza kemikali za kundi hili kufikia mwisho wa 2025. Mchakato uliojengwa juu ya kiyeyushi chenye jina fulani una hatari ya kukosa kiyeyushi chenyewe.

Ningechagua hivi

Kama zao lako linasafishika kwa fuwele au safu ya kawaida, usiendelee kusoma. Kama una kichocheo cha metali ghali na malighafi yako inaingia majini hata kidogo, anza na maji na fosfini ya salfoneti. Malighafi ikiwa ndefu au ikiogopa maji, jaribu kwanza kichocheo cha florasi kinachoganda, chenye mikia ya C6F13 ikiwezekana, kwenye kiyeyushi cha kawaida, pamoja na utepe wa Teflon. Matabaka mawili ya florini yaje baada ya hapo tu.

Kwa usanisi wa hatua nyingi ambapo malighafi ni adimu, mkia mwepesi ni chaguo langu bila kusita, na kwa sukari zaidi. Kwa peptidi, resini. Kwa kuondoa kitendanishi kimoja kilichobaki, fikiria mkia ikiwa tu njia za chumvi na fuwele zimeshindwa na kiasi ni chini ya gramu kadhaa.

Na ukiamua kwenda na mkia mzito, pima mgawanyo kabla ya kufanya mmenyuko hata mmoja. Weka kichocheo chako kwenye kichupa, ongeza mililita 2 za kila kiyeyushi, pasha, tikisa, acha kipoe na kutulia usiku kucha. Chota kiasi sawa kutoka kila tabaka, ongeza kiasi kinachojulikana cha kampaundi nyingine ya florini ya kulinganishia, na soma NMR ya florini-19. Ishara ya CF3 ya mwisho wa mkia inakaa karibu na -81 ppm na haifichwi na chochote cha oganiki. Uwiano wa ishara hizo mbili ndio uvujaji wako kwa mzunguko. Kwa makadirio ya haraka, uzidishe kwa idadi ya mizunguko unayoitaka kabla ya kuagiza lita ya kwanza. Ikiwa tabaka la juu linaonyesha zaidi ya asilimia 2, ongeza mkia au badili kiyeyushi cha oganiki kwa kisichopenda florini zaidi, kama asetonitrili, kisha upime upya.